Kauli mbiu iko langoni, lakini nani anahesabu dakika za foleni?

Simama nje ya lango la shule yoyote humu nchini, iwe Kayole, Kisumu au Kilifi, usome kibao chake. Utaona nembo, sanduku la posta, na chini yake kauli mbiu. Jitahidi Ufaulu. Elimu ni Nuru. Lenga Juu. Ukiingia hadi ofisi ya mwalimu mkuu utakuta fremu tatu ukutani: maono ya shule, dhamira ya shule, maadili ya shule. Herufi za kuvutia, vioo vimepanguswa vizuri.

Sasa wewe uliyemaliza fomu foo juzi, au uliye Gredi ya 10 sasa hivi, jiulize kama unaikumbuka dhamira ya shule yako. Mimi yangu siikumbuki hata neno moja. Ninachokumbuka ni foleni ya msosi.

Nilisoma shule ya mabweni ambayo sitaitaja, maana walimu wangu bado wapo na huenda wengine wanasoma ukurasa huu. Tulikuwa kama mia saba. Chakula cha mchana kilianza saa sita na dakika arobaini, na somo la kwanza la alasiri lilikuwa saa nane kamili. Fomu foo walipakuliwa kwanza, wakafuata fomu thrii, hivyo hivyo mpaka kwa mamono, wale wa fomu wani. Mono wa mwisho alipokuwa anashika sahani yake ya githeri, kengele ya saa nane ilikuwa imelia zamani. Wengi waliingia darasani saa nane na dakika ishirini na tano, jasho likiwatoka, maharagwe bado mdomoni. Mlangoni walimkuta mwalimu wa zamu akiwasubiri. Adhabu ilikuwa kupiga magoti kwenye kokoto, au kufyeka nyasi jioni wenzao wakicheza.

Tupige hesabu kidogo. Dakika 25 kwa siku tano ni dakika 125 kwa wiki. Somo moja lilikuwa la dakika 40. Mono alikuwa anapoteza masomo matatu kila wiki, na kwa muhula wa wiki 13 anakaribia masomo 40. Mzazi wake alikuwa amelipa karo ya masomo hayo. Huenda aliuza mbuzi. Halafu ikija kwenye ripoti, mtoto anaandikiwa "ongeza bidii".

Kila mtu alijua kosa ni la nani. Sisi tulisema mpishi ni mzembe, mzee amechoka, anapakua kama anahesabu punje. Walimu walisema mamono ni wavivu, wanazubaa njiani. Mamono walisema viranja wanawapitisha marafiki zao. Naibu mwalimu mkuu yeye alikuja na dawa yake: bango kubwa ukutani mwa bwalo lililoandikwa "Wakati ni Mali". Sikutanii. Foleni haikupungua hata kwa dakika moja.

Muhula wa pili akaja ticha wa TP, kijana wa chuo aliyeletwa kwa mazoezi ya kufundisha Hisabati. Siku moja alitukuta tukimsema mpishi. Hakubishana nasi. Alileta kaunta buku mpya na kuvua saa yake ya mkononi. "Nyinyi vijana," akasema, "kabla hamjaniambia nani ana makosa, niambieni dakika zinapotelea wapi."

Tulikuwa watatu. Kwa wiki nzima tulikula mwisho ili tuweze kuhesabu. Na tulichokipata kilitutia aibu, maana mpishi tuliyemtukana muhula mzima alikuwa anatumia kama sekunde sita kumpakulia mtu mmoja. Kulikuwa na madirisha mawili ya kupakulia. Kwa kasi hiyo, watu mia saba wanamalizika ndani ya dakika 35, yaani saa saba na robo kila mtu angekuwa amepata chake. Dirishani hakukuwa na tatizo lolote.

Tatizo lilikuwa sahani. Shule ilikuwa na sahani kama mia tatu. Mia tatu wa kwanza wakishapakuliwa, mpishi anabaki ameshika upawa, anangoja. Waliotangulia wale, wamalize, waoshe, warudishe. Na sahani zote hizo zilioshwa kwenye mfereji mmoja nyuma ya jikoni. Foleni tuliyokuwa tunaiona dirishani ilikuwa inatengenezwa mferejini, mahali ambapo hakuna mwalimu, kiranja wala bango lililowahi kuelekezwa.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa noma. Tulipendekeza kila mtu aje na sahani yake. Ndani ya wiki moja sahani nyingi zilikuwa zimeibwa, na mabwenini kukawa na vita. Tukaandika hivyo kwenye kaunta buku: imeshindwa, sababu ni wizi. Jaribio la pili, fundi wa shule akachukua bomba kuukuu lililokuwa limelala stoo, akalitoboa matundu manane na kuliunganisha na ule mfereji. Sahani zikagawanywa kwa madarasa, kila darasa na kreti yake, likipoteza linajibu lenyewe. Tukahesabu tena. Mono wa mwisho sasa alikuwa anaingia darasani saa nane na dakika kumi na mbili. Wazazi waliposikia wakaongeza sahani mia moja na hamsini, na tulipohesabu mara ya tatu ilikuwa saa nane na dakika tano. Hakuna aliyechapwa. Hakuna aliyehutubiwa paredi.

Wakati huo hatukujua kwamba tulichokifanya kina jina. Wenye viwanda hukiita usimamizi wa ubora, na mtu anayetajwa sana ukifuatilia historia yake ni Mmarekani W. Edwards Deming, mtaalamu wa takwimu aliyezaliwa mwaka 1900. Mwaka 1950 alifika Japani kuwafunza wahandisi na wakuu wa viwanda. Nchi ilikuwa bado inajikokota kutoka vitani, na bidhaa zake zilijulikana kwa bei rahisi na kwa kuharibika upesi. Wajapani walimsikiza kwa makini kiasi kwamba mwaka uliofuata walianza kutoa tuzo ya ubora yenye jina lake. Toyota ilishinda tuzo hiyo mwaka 1965. Ukipanda Probox kwenda mashambani ikiwa imebeba watu tisa na magunia na bado inapanda mlima, ujue kuna historia hapo.

Wazo lenyewe si gumu. Panga badiliko dogo. Lijaribu. Pima kama limesaidia. Likisaidia lifanye kuwa desturi, likikataa rudi mwanzo ukiwa na akili zaidi. Ni mzunguko, haufiki mwisho.

Lakini Deming alikuwa na pointi kumi na nne kwa viongozi, na mbili kati ya hizo zinaigonga shule ya Kenya usoni. Mojawapo inasema ondoeni kauli mbiu na mabango yanayowahimiza wafanyakazi wajitahidi zaidi. Hoja yake ilikuwa kwamba makosa mengi yanatokana na mfumo, na ukimpigia kelele mtu aliyefungwa na mfumo mbovu unamuudhi tu. Pale bwaloni mono angefanya nini na "Wakati ni Mali"? Angeoshea sahani wapi?

Ya pili inasema usitegemee ukaguzi wa mwisho kukupa ubora. Ukipika chapati hamsini halafu uzikague zote zikishaiva, utajua ni ngapi zimeungua, lakini huwezi kuirudisha hata moja iwe unga. Sisi tumeijenga elimu yetu yote juu ya ukaguzi wa mwisho. Miaka minne ya sekondari, halafu wiki chache za KCSE, halafu orodha ya waliofaulu. Shule ikipata wastani mzuri tunaibeba juu juu, ikishuka wazazi wanafunga lango kwa minyororo wakidai mwalimu mkuu ahamishwe.

Na ukaguzi wa mwisho ukiwa ndio kila kitu, watu wanajifunza kuudanganya. Mwaka 2015 zaidi ya watahiniwa 2,600 walipata gredi ya A katika KCSE. Mwaka 2016, baada ya aliyekuwa Waziri wa Elimu Fred Matiang'i na mwenyekiti wa baraza la mitihani KNEC George Magoha kukaza kamba dhidi ya wizi wa mitihani, waliopata A walikuwa 141 pekee. Vijana wa nchi nzima hawakugeuka wajinga ndani ya miezi kumi na miwili. Kuna shule zilizokuwa zimewekeza kwenye cheti badala ya darasa, na siku kipimo kilipobadilika hazikuwa na kitu cha kuonyesha.

Hapa kuna jambo la pesa ambalo pengine hukuambiwa ukiwa shuleni. Tangu 2018, mgao uliowekwa na serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ya umma ni Sh22,244 kwa mwaka. Pesa hizo zinafuata kichwa. Mwanafunzi akihama, mgao wake unahama naye. Shule ikipoteza watoto hamsini, imepoteza zaidi ya Sh1.1 milioni kwa mwaka, lakini mlinzi ni yule yule, bili ya stima ni ile ile na paa la maabara bado linavuja. Kwa hivyo inapunguza huduma, na huduma zikipungua watoto wengine wanaondoka. Ndivyo shule inavyokufa, polepole. Na tangu Januari 2026, darasa la kwanza la CBE lilipoingia sekondari pevu, wanafunzi wanachagua shule kulingana na mkondo wanaoutaka. Mtoto wa Gredi ya 9 na simu ya mathe anauliza kwenye makundi ya WhatsApp: hiyo shule maabara inafanya kazi, maji yapo, walimu wanaingia darasani? Hajali fremu za ofisini.

Mtu atasema haya ni mambo ya Wajapani na Wamarekani, sisi tuna shida zetu. Sawa, basi tuje nyumbani. Mwaka 1998 Kenya na shirika la Japani la JICA walianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na Sayansi katika sekondari. Kama uliwahi kuona mwalimu wako wa Fizikia akitumia chupa ya soda na mrija kufundisha shinikizo la hewa, huenda alipitia mafunzo hayo, ambayo baadaye yalipata makao yake katika chuo cha CEMASTEA kule Karen. Walimu walifundishwa maneno manne: panga, tenda, tazama, boresha. Ni mzunguko ule ule wa kaunta buku yetu. Mwalimu anapanga somo na wenzake, analifundisha, wenzake wanakaa nyuma na kuangalia wanafunzi wanakwama wapi, kisha wanalitengeneza upya. Anayechunguzwa ni somo. Mwalimu mwenyewe hayuko kizimbani.

Na kwa wadogo kulikuwa na Tusome, uliosambazwa kote nchini kuanzia 2015. Kabla yake kulifanyika majaribio ya miaka kadhaa kuona ni nini hasa kinamsaidia mtoto kusoma: mafunzo ya mwalimu peke yake, au pamoja na vitabu, au pamoja na mwongozo wa kila somo. Vyote vitatu pamoja ndivyo vilivyofanya vizuri zaidi. Hivyo kila mtoto akapata kitabu chake badala ya watano kung'ang'ania kimoja, mwalimu akapata mwongozo, na afisa wa elimu akaanza kuja darasani na tableti, anakaa nyuma, anasikiliza watoto wachache wakisoma, halafu anaongea na mwalimu siku hiyo hiyo. Zamani afisa akija shuleni ujue kuna mtu atapata barua. Hebu fikiria tofauti kati ya mgeni anayekuja kukusaidia kesho na yule anayekuja kukuhukumu kwa ya jana.

Sasa niseme jambo zito, na sitalipitia haraka.

Machi 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini katika shule ya upili ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama shuleni. Ni waraka mzuri, ukiusoma huwezi kuulaumu. Unasema milango ya bweni iwe na upana wa futi tano na ifunguke kwa nje. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda kuwe na mita 1.2. Mlango usifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wakiwa ndani. Yote yameandikwa.

Septemba 2024, watoto 21 wakafariki katika moto wa bweni Hillside Endarasha Academy, Nyeri.

Kati ya miaka hiyo miwili kumekuwa na mioto mingine mingi, tume, ripoti na rambirambi. Sheria hatuna uhaba nayo. Swali la mtu wa ubora ni dogo na linachosha: Alhamisi usiku, saa tatu na nusu, nani anapita bwenini na kushika kitasa cha mlango kuona kama kinafunguka? Anaandika wapi? Akikuta kufuli, anamwambia nani, na huyo mtu ana saa ngapi za kulitoa? Kama shule haina jibu la maswali hayo, ule mwongozo ni fremu nyingine tu ya ukutani. Wewe unayelala kwenye bweni hilo unajua jibu kuliko mkaguzi yeyote anayekuja mara moja kwa mwaka baada ya kupigiwa simu kwamba anakuja.

Ndiyo maana naamini jambo hili ni la vijana zaidi ya wazee. Mfumo unauishi wewe. Katika jimbo la Alaska, Marekani, kuna shule ya umma ya mabweni inayoitwa Mt. Edgecumbe, mjini Sitka, inayopokea watoto kutoka vijiji vya mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwalimu mmoja wa hapo, David Langford, aliyabeba mafundisho ya Deming na kuyapeleka moja kwa moja kwa wanafunzi. Hawakufundishwa ubora kama somo la mtihani. Walifundishwa kuutumia kwenye kazi yao wenyewe na kwenye uendeshaji wa shule yao. Deming mwenyewe alifika mbali zaidi, alipinga hata mtindo wa kuwapanga watoto kwa alama, wa kwanza hadi wa mwisho. Alisema unaua furaha ya kujifunza. Sijui kama nakubaliana naye kabisa, maana mimi niliwahi kuwa nambari tatu na nilijisikia vizuri sana. Lakini pia niliwahi kuwa nambari arobaini na moja, na muhula huo wote hakuna aliyeniuliza kilichotokea.

Kuuliza kilichotokea ndiyo kazi yenyewe. Unamkumbuka Peter Tabichi, mtawa na mwalimu wa Hisabati na Fizikia aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019? Watu wengi wanakumbuka zile dola milioni moja. Mimi nakumbuka yeye na wenzake wanne walikuwa wanawafundisha wanafunzi waliobaki nyuma nje ya saa za darasa na wikendi, na kwenda hadi nyumbani kwao kujua shida iko wapi. Hiyo ni Keriko, shule ya kutwa ya mchanganyiko katika kijiji cha Pwani, Njoro, iliyokuwa na kompyuta moja. Waandalizi wa tuzo walieleza kwamba waliojiunga na vyuo mwaka 2017 walikuwa 16 kati ya 59, na mwaka 2018 wakafika 26. Idadi ya wanafunzi ilikuwa imepanda maradufu hadi 400 ndani ya miaka mitatu. Wazazi wa Njoro hawakuona tangazo popote. Waliona watoto wa jirani.

Lakini usidanganyike kwamba kila kinachoitwa ubora ni ubora. Kuna kiwango cha kimataifa cha taasisi za elimu, ISO 21001, kilichotolewa 2018, na kitu kama hicho kinaweza kuisaidia shule kujipanga. Kinaweza pia kuwa cheti kingine cha kutundika. Nimeongea na walimu vijana wanaojaza fomu za kujitathmini za TSC, zile za TPAD zilizoanza 2016, na wengi wanakwambia waziwazi: tunajaza usiku wa mwisho, tunanakili za muhula uliopita, zinaenda. Hapo umepata karatasi, basi. Tena huwezi kumlipa mwalimu tarajali kama Sh20,000 kwa mwezi, umpe madarasa ya watoto sitini, halafu umletee fomu ya ubora. Deming alikuwa na pointi ya hilo pia: ondoeni woga kazini. Mwalimu anayeogopa kupoteza kandarasi hatakuambia mfereji ni mbovu. Atakuambia kila kitu kiko sawa.

Kwa hivyo ukitaka kuanza, usianze na neno ubora. Anza na kitu kimoja kinachokera na kinachohesabika. Lori ngapi za kuni zinaingia jikoni kwa muhula, na ngapi zililetwa mbichi zikatoa moshi tupu? Tangi la maji linakauka siku gani ya wiki, na kwa nini ni siku hiyo? Vitabu vya maktaba vilivyoazimwa Januari, vingapi vimerudi? Nakuhakikishia ukihesabu kwa wiki mbili utakuta sababu haiko pale mlipokuwa mnaelekeza vidole.

Na una mahali pa kupeleka hesabu zako. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema kwenye bodi ya usimamizi wa shule kuwe na mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Hapigi kura kama wengine, lakini kiti ni chake. Uliza shuleni kwenu ni nani, na mara ya mwisho alikaa mkutanoni lini. Kama alikaa akiwa na malalamiko tu, watamsikiliza kwa adabu na kuendelea na ajenda. Akiingia na kaunta buku yenye tarehe na dakika, mwenyekiti atavaa miwani.

Wewe uliyemaliza shule, usijifiche nyuma ya kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja, mnaochanga kununua basi lenye jina la darasa lenu ubavuni. Basi ni zuri. Lakini kabla ya kuchanga, tumeni mtu mmoja akale chakula cha mchana pale na saa mkononi.

Mimi nilirudi miaka miwili baada ya KCSE, nimeenda kuchukua cheti cha kumaliza shule. Ticha wetu wa TP alikuwa ameondoka zamani, fundi amestaafu, na sisi watatu tulikuwa tumetawanyika. Nilifika karibu saa nane nikapitia nyuma ya jikoni kuona bomba letu. Lilikuwepo, ila matundu matano kati ya manane yalikuwa yameziba kutu. Kreti za madarasa sikuziona. Mamono walikuwa wamepanga foleni hadi karibu na uwanja wa mpira, na lile bango la "Wakati ni Mali" lilikuwa limepakwa rangi upya.

Nilimuuliza kiranja wa bwalo kama anajua kaunta buku ya zamani iko wapi. Hakujua nazungumzia nini. Nikamuuliza basi foleni hii inasababishwa na nini.

"Ni mpishi, bro," akasema. "Yule mzee ni mzembe."